Samaki Mmoja, Majina Mengi
(Hotuba ya mmoja wetu mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme juu ya kazi yangu ya ukutubi, hasa hizi maktaba za kompyuta zinazotakiwa kuelewana. Nitaanza na dagaa, maana ndio walionishinda.

Kijana mmoja wa hapa Kigoma alinijia akitaka kila kilichoandikwa juu ya dagaa wa ziwa letu. Nikaandika "dagaa" katika kompyuta, nikajiona fundi. Maandishi yakaja tele, lakini mengi yalihusu dagaa wa Mwanza, ambaye ni samaki mwingine kabisa. Ya ng'ambo ya ziwa hayakuonekana hata moja. Kijana akaandika katika kazi yake kwamba habari ni chache. Kumbe hazikuwa chache! Burundi humwita ndagala, Zambia humwita kapenta, na wataalamu humwandika kwa Kilatini: Stolothrissa tanganicae, na mwenzake Limnothrissa miodon. Ziwa ni moja, nchi ni nne, na kila maktaba ina kabati lake na lugha yake.

Wengi hudhani dawa ni kununua mashine za namna moja. Sivyo. Mwaka 1995 wakutubi na mafundi wa kompyuta walikutana katika mji wa Dublin, jimbo la Ohio, Marekani. Hapo ndipo ulipoanza utaratibu uitwao Dublin Core, ambao una vipengele 15 vya msingi: jina la kitabu, mtungaji, mada, tarehe, lugha na kadhalika. Mwaka 2001 zikatoka kanuni za OAI-PMH. Kwa kanuni hizo kila maktaba hubaki na vitabu vyake na kompyuta yake, ila hufungua dirisha ili wenzake wachukue nakala za kadi.

Lakini hapo pana mtego. Kadi zote zaweza kuwa na mstari wa mada, na bado huyu akaandika ndagala, yule kapenta. Hata meli yetu Liemba, kabla ya 1927 iliitwa Graf von Goetzen. Ukitafuta "Liemba" peke yake, habari za kushushwa kwake majini hapa Kigoma mwaka 1915, na za kuzamishwa mwaka 1916, zaweza kukupita.

Wako wenzangu wanaotaka Kilatini tu kiandikwe. Nawapinga. Kilatini na kiwe uzi wa kufunga majina, lakini mtoto wa mvuvi wa Katonga atatafuta kwa neno la nyumbani kwao, na lazima alikute.

Basi nimeacha daftari kwa mkutubi wa shule, kila samaki na ukurasa wake. Wenye shangazi na wajomba Kalemie, Uvira, Rumonge au Mpulungu, waulizeni majina, mwandike na mahali yanaposemwa. Ukurasa wa mgebuka nimeuanza kwa neno moja la Burundi, mukeke. Nafasi iliyobaki ni yenu.