MWENYE MARADHI YA AKILI NAYE ANA MWILI

Mazungumzo ya afya kwa watumishi wa Serikali na wananchi



Mtu anapopatwa na skizofrenia, jamaa zake huangalia zaidi maneno na mwenendo wake. Mwili wake husahauliwa, na hapo ndipo penye hatari.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa wenye skizofrenia wamo katika hatari ya kufariki mapema mara mbili hadi tatu kuliko watu wengine. Wapo wanaojiua, lakini vifo vingi hutokana na maradhi ya mwili, yakiwemo ya moyo, kisukari na ya kuambukiza. Huko Butajira, Ethiopia, watu 919 wenye maradhi makubwa ya akili walifuatiliwa kwa muda wa miaka 10, na 121 kati yao walifariki. Taarifa iliyotolewa mwaka 2015 ilionesha kuwa karibu nusu ya vifo hivyo vilisababishwa na maradhi ya kuambukiza.

Sababu ni nyingi. Wagonjwa wengi huvuta sigara na hukosa lishe bora. Baadhi ya dawa, hasa olanzapini na klozapini, huongeza uzito na sukari mwilini. Zaidi ya hayo, mgonjwa akilalamikia kifua au tumbo, mara nyingi husemwa kuwa hayo ni maradhi yake ya akili tu, akarudishwa nyumbani bila ya kupimwa.

Hata hivyo, dawa zisikatishwe bila ya amri ya daktari. Uchunguzi wa Finland uliochapishwa mwaka 2020, uliohusu wagonjwa zaidi ya 60,000, ulionesha kuwa vifo vilikuwa vichache wakati wa kutumia dawa kuliko wakati wa kuziacha.

Kwa hiyo, jamaa wanaompeleka mgonjwa Hospitali ya Kidongo Chekundu au kituo cha afya kilicho karibu wanaombwa wahakikishe kuwa anapimwa uzito, shindikizo la damu na sukari. Kikohozi kisichopoa kichunguzwe kifua kikuu. Mgonjwa anayevuta sigara asaidiwe kuiacha. Wahudumu wa afya nao wanakumbushwa kuyasikiliza malalamiko yake kama wanavyoyasikiliza ya mgonjwa mwengine yeyote, kwani anayesema maneno yasiyofahamika huenda kifua kikawa kinamuuma kweli.