Nguvu ya Mtambo Nyuma ya Nadharia

Spektroskopia ya sumaku, ndugu wa ile MRI ya hospitalini, huwaonyesha wanakemia muundo wa protini na dawa. Tatizo lake ni kwamba ishara za viini vya atomi ni hafifu mno. Mwaka 1953 Mmarekani Albert Overhauser alitabiri njia ya kuzikuza: elektroni, ambayo usumaku wake ni takriban mara 660 ya ule wa protoni, ikichochewa kwa mawimbi hukiazima kiini mpangilio wake.

Majaribio yalimthibitisha upesi, lakini kwa sumaku dhaifu. Sumaku ikiwa kali, masafa ya mawimbi lazima yapande nayo, na vyanzo vyenye nguvu ya kutosha havikuwepo. Mwaka 1993 Robert Griffin na wenzake katika chuo cha MIT walifungua njia kwa jairotroni ya gigahezi 140, aina ya mtambo wa kuzalisha mawimbi yenye nguvu uliobuniwa Umoja wa Kisovieti. Leo kipimo cha siku nyingi huweza kumalizika kwa saa chache.

Wanaogawa fedha za utafiti walizingatie hilo. Nadharia ilitangulia, lakini miaka 40 ilipita ikimsubiri fundi wa mitambo. Naye anastahili fungu lake.