Mchambuzi wa Kufuatwa Masasi na Newala
Mwandishi wa habari huripoti lililotokea, ilhali mchambuzi, yaani mtu anayefafanua sababu na athari zake, huongeza maoni, na msikilizaji asiyetenganisha kazi hizo mbili huishia kumpenda mwenye sauti tamu. Tena msikilizaji akumbuke kuwa kalamu na madaraka hufahamiana: Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, alihariri magazeti ya chama na ya Serikali kabla ya kuwa Rais mwaka 1995. Kipimo cha karibu zaidi cha mchambuzi, hata hivyo, ni korosho, kwani Novemba 2018, Serikali ilipotangaza kuzinunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba, mchambuzi wa kufuatwa alikuwa yule aliyeuliza fedha zingemfikia mkulima wa Newala lini.