Krimu ya Uso Yenye Rangi

Ile krimu moja ya kulainisha ngozi, kukinga jua na kuficha madoa, umesoma maandishi yake? Ukikuta iron oxides, vyema: hiyo ndiyo rangi yenyewe, nayo husaidia kuzuia mwanga unaokoleza madoa ya ujauzito. Tafuta pia SPF 30 au zaidi.

Ukiona hydroquinone, mercury au calomel, iache dukani. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vya aina hiyo mwaka 1998, lakini bado huuzwa. Mercury ni zebaki. Huharibu figo, na mtoto anayelaza shavu lake kwenye lako huipata pia. Ile ya kupimiwa kikoponi, isiyo na maandishi, mimi singempaka hata mbuzi.

Rangi ijaribu shavuni, nje kwenye mwanga wa mchana.