Gari Lililoegeshwa: Lisukumike, Lakini Lisikimbie

Mazungumzo kwa wakazi wa kata kuhusu maegesho, gia huru na magari ya umeme



Yeyote aliyewahi kufika sokoni Mwanga saa za asubuhi anaifahamu hali hii. Magari yameegeshwa mistari miwili. Mwenye gari la ndani anataka kutoka. Mwenye gari la nje ameingia sokoni kutafuta migebuka au dumu la mawese, na simu yake haipokelewi. Vijana wanaitwa, wanashika boneti, wanahesabu moja, mbili, tatu, na gari linasogea hatua kumi. Njia inapatikana, kila mtu anaendelea na shughuli zake.

Desturi hiyo ilizaliwa na magari ya gia za mkono. Dereva aliyejua kuwa amemzibia mwenzake aliliacha gari katika gia huru, au fri kama wasemavyo madereva, akalegeza breki ya mkono, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Ulikuwa uungwana wa aina yake. Lakini magari yamebadilika, na uungwana huo sasa unahitaji maarifa mapya.

Tangu mwaka 2022, Mkoa wa Kigoma ulipounganishwa na gridi ya Taifa na majenereta ya dizeli kuzimwa, kumiliki chombo cha umeme mkoani humu si jambo la kushangaza tena. Magari ya umeme bado ni machache, lakini magari yaliyotumika kutoka Japani huja na kila kilichomo katika soko la Japani, na gari kama Nissan Leaf ni miongoni mwake. Siku moja vijana wa sokoni watalishika boneti gari la namna hiyo, nalo halitasogea hata kidogo.

Sababu yake ni hii. Katika gari la gia za mkono, gia huru ni jambo la vyuma: mkono ukisogezwa katikati, injini na magurudumu huachana, hata kama betri imekufa kabisa. Gari la gia za kujiendesha lina jino la chuma ndani ya giaboksi, nalo huuma pale mkono unapowekwa kwenye P. Hata hivyo magari mengi ya Kijapani ya aina hiyo yana kitundu au kitufe kidogo kando ya mkono wa gia, kilichoandikwa SHIFT LOCK. Kikibonyezwa, mkono huweza kutolewa kwenye P bila kuwasha injini. Wengi wenye magari hayo hawajawahi kukitazama. Kingefaa kutazamwa leo jioni, gari likiwa limetulia uani, kuliko siku ya dharura.

Gari la umeme halina njia hiyo. Kwa kawaida kile kinachoonekana kama mkono wa gia ni swichi tu inayotuma ujumbe kwa kompyuta, na kompyuta ndiyo inayofunga au kufungua. Katika Nissan Leaf, dereva akiweka N kisha akazima gari, gari hurudi lenyewe kwenye P. Katika Tesla, dereva akiinuka kitini na kushuka, gari nalo hujifunga. Watengenezaji hawakufanya hivyo kwa ukaidi. Gari la umeme halitoi sauti likiwa limesimama, na ni rahisi mtu kushuka akidhani amelizima ilhali bado liko tayari kwenda.

Hata hivyo, baadhi ya magari yameachiwa mlango. Tesla ina hali maalumu ya kusafirishwa, ambayo huchaguliwa kwenye kioo cha mbele ya dereva na kuyaacha magurudumu yazunguke. Magari kadhaa ya Hyundai na Kia humtaka dereva aondoe kwanza kishikio cha breki cha kujiendesha, aweke N, kisha abonyeze na kushikilia kitufe cha OK pale kioo kinapouliza kama gari libaki katika gia huru baada ya kuzimwa. Si ajabu kwamba utaratibu huo umo katika magari ya Korea Kusini. Huko, katika maegesho ya majengo ya ghorofa, wakazi wamezoea kuegesha mbele ya magari ya wenzao na kuyaacha katika gia huru ili yasukumwe. Indonesia nako, katika maegesho ya maduka makubwa, ni desturi ya kila siku.

Betri ndogo ya volti 12 nayo inastahili kutajwa hapa, maana ndiyo inayowachanganya wengi. Gari la umeme lina betri mbili: kubwa ya kuendeshea, na ndogo inayofanana na ile ya gari lolote. Kompyuta, milango na kifungio cha P hutegemea hiyo ndogo. Betri kubwa inaweza kuwa imejaa, lakini ndogo ikifa, Leaf haitoki kwenye P. Wasukumaji hata wakiwa ishirini wataishia kuburuta matairi. Suluhisho si nguvu, bali ni kuazima umeme wa betri ya gari jingine kwa waya, plasi kwa plasi, kwa mpangilio ulioelezwa katika kitabu cha gari hilo, kisha kifungio kifunguliwe kwa njia ya kawaida.

Tena, gari la umeme lisifungwe kamba na kuvutwa kutoka Ujiji hadi Kigoma mjini kama inavyofanyiwa Hiace iliyoharibika. Mota yake imeunganishwa na magurudumu wakati wote. Magurudumu yakizunguka kwa kasi, mota huzalisha umeme usiotakiwa, na joto lake laweza kuharibu vifaa vya gharama kubwa. Kusukumwa hatua chache kwa mwendo wa mtu atembeaye hakuna neno. Safari ndefu yahitaji gari la kulibeba, au angalau kuyainua magurudumu yanayoendeshwa na mota.

Hadi hapo ni habari ya gari lisilosogea. Lililo zito zaidi ni gari linalosogea lisipotakiwa, na kwa jambo hili Kigoma si Ujiji. Ujiji ni tambarare kwa sehemu kubwa. Gari lililo katika gia huru chini ya mwembe litabaki pale lilipo. Barabara ya Lumumba inateremka kutoka Mwanga hadi stesheni ya reli, na mbele ya stesheni ni bandari na ziwa.

Chukua gari la tani moja na nusu, ambao ndio uzito wa Leaf kwa makadirio. Kwenye tambarare nzuri, nguvu ya kilo ishirini hivi yatosha kuliendeleza likishaanza kusogea. Kijana mmoja anaweza. Kwenye mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 10, uzito wake wenyewe hulivuta kwa nguvu ya karibu kilo 150. Hakuna kijana wa kulizuia. Likiachwa lishuke mita 50 bila breki, mwendo wake hupita kilomita 30 kwa saa, na yote hayo kwa sekunde kumi au kumi na moja. Hakuna honi, hakuna mlio wa injini. Mama anayepanga nyanya ukingoni mwa barabara hana cha kumwonya.

Korea Kusini, ambako kusukuma magari ni desturi, iliijua gharama hiyo. Mwaka 2017 mtoto wa miaka minne alifariki baada ya gari lisilo na dereva kuteremka katika maegesho ya bustani ya michezo karibu na Seoul. Mwaka 2020 ikaanza kutumika sheria inayotaka maegesho yenye mteremko yawe na kabari za kuzuia magurudumu na maandishi ya tahadhari. Karibu zaidi na hapa, tarehe 29 Septemba 2019, katika kivuko cha Likoni huko Mombasa, gari lilirudi nyuma na kutumbukia baharini kutoka kwenye feri ya MV Harambee. Mama na binti yake mdogo walipoteza maisha, na ilichukua siku 13 kulipata gari hilo chini ya maji. Kwa wanaovuka Malagarasi pale Ilagala, na kwa wanaopakia magari melini bandarini, ndani ya chombo cha majini gia huru haina nafasi: P, au gia ya kwanza kwa gari la mkono, breki ya mkono, na kabari.

Basi dereva afanyeje mjini? La kwanza ni kutomzibia mwenzake, na hili lina uzito kuliko mbinu zote zilizotajwa. Gari la zimamoto haliwezi kungoja mtu atafutwe sokoni, wala gari la wagonjwa linaloelekea Hospitali ya Maweni. Pasipo na budi, na mahali pakiwa tambarare kweli, gari laweza kuachwa katika gia huru likiwa na kabari mbili, moja mbele na moja nyuma ya gurudumu lilelile, na namba ya simu ikiwa imeandikwa kwa herufi kubwa nyuma ya kioo. Karatasi hiyo haigharimu kitu, na kwa gari la umeme ndiyo msaada mkubwa kuliko wote, kwa kuwa mara nyingi mwenyewe na ufunguo wake ndio pekee wawezao kulifungua. Kwenye mteremko wowote, hata ule unaoonekana kwa shida, gari lifungwe, na tairi za mbele zikunjwe kuelekea ukingo wa barabara.

Wanaosukuma nao wana lao. Awepo mtu mmoja kwenye usukani kabla kabari haijatolewa. Ajue kwamba gari likiwa limezimwa usukani huwa mzito na breki huhitaji kukanyagwa kwa nguvu nyingi kuliko kawaida. Wasukumaji wakae upande wa juu wa mteremko, kamwe wasikae chini yake, na watoto wasogezwe kando hata kama wanaomba kusaidia. Gari likianza kuwashinda, waliachie na kupiga kelele za kuwaonya walio chini. Kujaribu kulizuia kwa kifua ndiko kunakovunja watu mbavu.

Na pale njia ilipozibwa na kuna moto, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Apigaye ataje mtaa, na aseme mapema kwamba njia imezibwa na upande upi unapitika.