Aliyejiua: Tumswalie, na Hukumu Yake ni ya Nani?

(Mawaidha yaliyotolewa baada ya swala ya Isha, Mnazi Mmoja, Dar es Salaam)

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.



Jambo nitakalolizungumza usiku huu si jepesi, na wako walionishauri niliache. Sikuweza kuliacha, kwa sababu limekwisha kutufika mlangoni. Majuma machache yaliyopita ililetwa janaza katika msikiti mmoja wa mtaa humu Kariakoo. Marehemu alikuwa kijana muuza nguo, ana mke na mtoto mdogo, na ilikwishajulikana kuwa amejiua baada ya kulemewa na madeni. Imamu akasema: "Mimi simswalii. Mtume hakumswalia mtu wa namna hii." Akatoka. Maamuma nao wakatoka mmoja mmoja, wengine wakasimama barazani kama watu wanaongojea mvua ikatike. Jeneza likabaki ndani peke yake. Mwishowe wazee wanne na makuli wawili wa sokoni wakapanga safu, wakamswalia, wakambeba mpaka Kisutu.

Nilikuwapo, ndugu zangu. Nami nilikuwa miongoni mwa wale waliosimama barazani.

Tangu siku hiyo nimerudi kwenye vitabu vya wanazuoni kutafuta kama tulisimama pale kwa dalili au kwa woga tu. Niliyoyapata ndiyo nitakayowaeleza.

Uzito wa dhambi yenyewe

Kwanza lazima isemwe wazi, asije mtu akayageuza maneno yangu. Kujiua ni haramu, na ni katika madhambi makubwa. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 29 na ya 30, Allah (S.W.) anatukataza kuziua nafsi zetu, na anamuahidi moto mwenye kufanya hivyo kwa uadui na dhulma. Lakini tazameni jambo ambalo wasomaji wengi hulipita mbio: baina ya katazo na onyo, Allah ameweka neno la rehma, kwamba Yeye ni mwenye kuturehemu. Amekataza kwa sababu anatuhurumia. Nafsi si mali yetu. Ni amana, na mwenye amana hana haki ya kuivunja kwa kuwa imemchosha.

Katika hadithi ya Abu Hurayra (R.A.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ameeleza kwamba anayejiua kwa njia yoyote ile ataadhibiwa motoni kwa njia hiyo hiyo, na akataja kukaa humo milele. Na katika hadithi ya Jundub (R.A.) imo habari ya mtu wa umma zilizotangulia aliyekuwa na jeraha, akashindwa kusubiri akajimaliza, na Allah akasema kuwa mja huyo amefanya pupa na nafsi yake, hivyo amemharamishia Pepo. Hadithi hizi ni sahihi. Hatuzifichi wala hatuzipunguzi makali, maana makali yake ndiyo yanayomzuia aliye hai.

Je, hukumu hiyo inamshukia kila mmoja?

Hapa ndipo penye kazi, na nawaomba mnisikilize kwa utulivu.

Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Jabir (R.A.) kisa cha Tufayl bin Amr, Sahaba wa kabila la Daws. Tufayl alihama kwenda Madina kwa Mtume (S.A.W.), na pamoja naye alihama mtu wa kabila lake. Mtu yule hakupatana na hewa ya Madina. Akaugua, subira ikamwishia, akaijeruhi mikono yake mwenyewe, damu ikamtoka mpaka akafa. Baadaye Tufayl akamwona usingizini. Akamwona yu katika hali njema, ila mikono yake ameifunika. Akamuuliza Mola wake amemfanya nini. Akajibu kuwa amemsamehe kwa sababu ya kuhama kwake kumfuata Mtume. Akamuuliza habari ya mikono. Akajibu kuwa ameambiwa: ulichokiharibu mwenyewe hatutakutengenezea.

Tufayl akampelekea Mtume (S.A.W.) ndoto ile. Je, Mtume alisema nini? Hakusema kuwa ndoto hiyo ni ya shetani kwa sababu mwenye kujiua hawezi kusamehewa. Aliomba. Alimuombea mtu yule maghfira, na mikono yake nayo.

Wallahi, nilipoisoma hadithi hiyo usiku ule, nilikumbuka lile jeneza nikashindwa kuendelea kusoma. Mtume wa Allah aliona kuna mikono iliyobaki bila kusamehewa, akaifuata kwa dua. Sisi tuliona mwili mzima, tukaupa mgongo.

Imamu An-Nawawi, katika ufafanuzi wake wa Sahih Muslim, anaieleza hadithi hii kuwa ni hoja ya msingi mkubwa wa Ahlus Sunna: kwamba mwenye kujiua, au kutenda dhambi kubwa nyingine akafa kabla ya kutubia, hawi kafiri, wala hatukati kauli kwamba yeye ni wa motoni, yuko chini ya matakwa ya Allah. Msingi huu umetoka katika Surat An-Nisaa yenyewe, aya ya 48, na ukakaririwa katika aya ya 116: Allah hasamehi kushirikishwa, na husamehe yaliyo chini ya hayo kwa amtakaye. Na kujiua, pamoja na ukubwa wake, ni chini ya shirki.

Basi neno la kukaa milele wamelielezaje? Wako waliosema linamhusu anayehalalisha jambo hilo hali akijua kuwa ni haramu. Wako waliosema hayo ndiyo malipo anayostahiki, lakini Allah kwa ukarimu wake hamwachi motoni milele aliyekufa katika Uislamu. Wengine wakasema kukusudiwako ni kukaa muda mrefu sana. Imamu At-Tirmidhi yeye alipoipokea hadithi hiyo alieleza kuwa riwaya isiyotaja kukaa milele ndiyo sahihi zaidi, kwani zimepokewa habari kuwa watu wa Tawhid wataadhibiwa kisha watatolewa.

Ndugu zetu Maibadhi, tunaoishi nao mji huu na kuzikana nao, wana rai nyingine: kwao anayekufa juu ya dhambi kubwa bila ya toba hatoki motoni. Sheikh Ahmad bin Hamad Al-Khalili, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1942 na akafanywa Mufti wa Oman mwaka 1975, ameitetea rai hiyo kwa urefu katika kitabu chake Al-Haqq ad-Damigh. Tunaiheshimu elimu yake. Hata hivyo, sisi tunaojinasibisha na Sunna, na wengi wetu tumelelewa katika madhehebu ya Imamu Shafii, tunapomhukumia marehemu moto wa milele pale barazani tunakuwa tumeiacha itikadi yetu bila kujua. Ajabu ni kwamba watu hao hao wakiulizwa darasani watakujibu vizuri kabisa.

Swala ya janaza

Imamu yule alikuwa na hadithi mkononi. Jabir bin Samura (R.A.) amesimulia kuwa aliletwa kwa Mtume (S.A.W.) mtu aliyejiua, na Mtume hakumswalia. Imo katika Sahih Muslim. Na wako waliochukua dhahiri yake, akiwemo Umar bin Abdul-Aziz na Al-Awzai, wakasema haswaliwi.

Lakini wanazuoni walio wengi, Al-Hasan Al-Basri, An-Nakhai, Abu Hanifa, Malik na Shafii, wamesema anaswaliwa. Wameifahamu hadithi hiyo kwamba Mtume alijizuia yeye binafsi ili kuwaonya watu, kama alivyokuwa hapo mwanzo akijizuia kumswalia aliyekufa na deni lisilo na cha kulilipia, huku akiwaambia Masahaba wamswalie mwenzao. Imamu Ahmad naye amesema kiongozi asimswalie, watu wengine wamswalie.

Kwa hiyo Imamu wetu akitaka kujizuia ana salafu yake. Alichokosea ni kuondoka bila kuwaambia watu: "Mswalieni ndugu yenu." Nusu ya Sunna aliichukua, nusu akaiacha juu ya jeneza. Na sisi maamuma tulikosea zaidi, kwani swala ya janaza ni fardhi kifaya, na lau si wale wazee wanne na makuli wawili, dhambi ingekuwa yetu sote. Aoshwe, akafiniwe, aswaliwe, azikwe katika makaburi ya Waislamu. Sizungumzii hapa mambo ya khitma na arobaini. Hayo msimamo wetu mnaujua. Nazungumzia haki aliyoiweka Allah.

Tarehe 16 Novemba 2024 lilipoanguka jengo la ghorofa hapa hapa Kariakoo na watu zaidi ya 20 wakafa, tuliinua mikono kwa ajili yao, kwani Mtume (S.A.W.) amemtaja anayekufa kwa kuangukiwa na jengo miongoni mwa mashahidi. Tulifanya vyema. Huyu hatumwiti shahidi. Lakini naye alikuwa chini ya kifusi, ila kifusi chake hatukukiona, na hakuna aliyekwenda kuchimba.

Maradhi na madeni

Tena kuna jambo la akili. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kalamu imeondolewa kwa watatu, na mmoja wao ni aliyepotewa na akili mpaka zimrudie. Je, wewe uliyesimama barazani unajua marehemu alikuwa na akili kiasi gani saa ile? Wapo wagonjwa ambao huzuni imewala ndani kwa ndani. Hawalali, hawali, hawasikii ladha ya kitu. Watu wao huwapeleka kwa waganga wa makafara, wakaongezewa shirki juu ya maradhi. Msomeeni mgonjwa Qur'ani, na asubuhi mpelekeni Muhimbili. Mtume ametuamuru kutafuta dawa, na daktari wa maradhi ya akili ni daktari kama wengine.

Na wengine huficha kwa kuogopa sheria. Kanuni ya Adhabu, iliyotungwa mwaka 1945 zama za Mwingereza, imelihesabu jaribio la kujiua kuwa ni kosa katika kifungu cha 217. Kwa jirani zetu wa Kenya, Mahakama Kuu iliamua tarehe 9 Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na katiba yao. Hayo ni ya wanasheria. Kwetu sisi, mtu aliyenusurika ni mtu aliyepewa muda wa kutubia, na anayempeleka hospitali amemsitiri ndugu yake.

Na wewe uliyekaa hapa na fikra hiyo imekwisha kukupitia, sikukemei. Mtume (S.A.W.) alijua kuwa dhiki humfikisha mtu mahali pa kutamani mauti. Akatukataza kuyatamani kwa sababu ya dhara lililotupata, na akatupa badala yake dua: kumuomba Allah atuweke hai maadamu uhai una kheri nasi, na atufishe pale mauti yatakapokuwa na kheri. Iombe. Kisha usirudi chumbani peke yako usiku huu. Mshike mkono aliye ubavuni mwako umwambie. Ukiona haya, nifuate mimi hapa mihrabuni, hata ikiwa usiku wa manane.

Sasa deni. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko letu la Kariakoo liliungua, na wako walioamka asubuhi hawana hata kibanda. Watu wa namna hiyo huenda wapi? Huenda kwenye mikopo hii inayoitwa kausha damu, na jina lake limejieleza. Riba juu ya riba, simu usiku na mchana, matusi mbele ya mke. Allah katika Surat Al-Baqara, aya ya 280, ameamuru mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wepesi, na akasema kumsamehe ni bora zaidi. Na katika Surat At-Tawba, aya ya 60, wenye madeni wametajwa kwa jina lao miongoni mwa wanaostahiki Zaka. Niambieni, ni lini mara ya mwisho Zaka ya mtaa huu ililipa deni la mtu? Tunagawa mchele na tende, kisha tunakwenda nyumbani.

Siku moja liliwekwa mbele ya Mtume (S.A.W.) jeneza la mtu aliyekuwa na deni, akakataa kumswalia. Abu Qatada (R.A.) akasema deni hilo liko juu yake yeye. Hapo Mtume akaswali.

Deni la kijana yule wa nguo bado lipo. Mkewe yuko eda, na wadai wameanza kupiga hodi. Nimeliomba daftari lake kwa ndugu zake, na liko kwa mweka hazina, pale mlangoni upande wa viatu. Rasilimali imeandikwa mbali na riba imeandikwa mbali. Mdai aliyemo humu ndani na aje kwanza, tuzungumze naye juu ya kuifuta riba. Na mwenye kutaka kuchukua sehemu ya rasilimali kama alivyofanya Abu Qatada, aandike jina lake au asiandike, Allah anamjua.

Allahumma mghfir lahu warhamhu. Wabillahi tawfiq, wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.