Haki za Mzee Haziachwi Mlangoni

(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)





Katika visiwa hivi mzee hutunzwa na watoto wake, na asiyejaaliwa mtoto hupokelewa na ndugu au majirani. Hata hivyo wapo wazee waliokosa wa kuwatazama, na kwa ajili yao ziliwekwa nyumba za Serikali. Majina ya Sebleni na Welezo kwa Unguja, na Limbani kwa Pemba, yanajulikana na kila mtu. Jambo linalopaswa kueleweka ni kuwa mzee anapoingia katika nyumba ya namna hiyo haziachi haki zake mlangoni. Anachopewa humo ni stahiki yake, wala si sadaka ambayo mtoaji anaweza kuitoa kwa masimango.

Kumdhulumu mzee si kumpiga peke yake. Shirika la Afya Duniani linataja pia kumtukana na kumtisha, kumdhalilisha kijinsia, kumnyang'anya mali na kumtelekeza. Utelekezaji ndio unaojificha zaidi, kwa kuwa hauna kishindo. Mzee asiyeweza kujigeuza, akiachwa alalie ubavu mmoja kutwa nzima, ngozi hufa na kidonda huchimbika. Ndiyo maana wauguzi hufundishwa kumgeuza mgonjwa wa aina hiyo takriban kila baada ya saa mbili. Vile vile, chakula kikiwekwa mbele ya asiyeweza kujilisha na baadaye kikaondolewa kama kilivyo, daftari litaonesha kuwa amehudumiwa, naye amelala na njaa.

Kwa mujibu wa Shirika hilo, katika tafiti zilizofanywa kwenye nyumba za matunzo, watumishi wawili katika kila watatu walikiri kumtendea mzee vibaya katika muda wa mwaka mmoja. Tafiti hizo si hukumu juu ya mtumishi yeyote wa hapa. Zinaonesha tu kuwa maovu haya hutendwa hata na watu wa kawaida, pale uchovu unapozidi na usimamizi unapolegea.

Kwa upande wa sheria, Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inataja, katika ibara ya 11, haki ya mtu kusaidiwa na jamii wakati wa uzee, na katika ibara ya 13 inakataza mateso na vitendo vya kumtweza mtu. Sheria ya Adhabu ya Zanzibar Namba 6 ya mwaka 2018 nayo haikomi kwenye lango la nyumba ya wazee: kofi linalopigwa humo ni kosa, kama lilivyo kofi linalopigwa sokoni Darajani.

Aidha, Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1991 zinasema kuwa mzee aliye katika nyumba ya matunzo aheshimiwe utu wake, imani yake na faragha yake, na awe na kauli juu ya matunzo yake. Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wazee, iliyopitishwa mwaka 2016 na kuanza kutumika mwaka 2024 kwa nchi zilizoiridhia, inataka kuingia katika nyumba hizo kuwe kwa hiari, na huduma zake zifikie viwango vilivyowekwa.

Kwa maneno mepesi, mzee ana haki ya kuelezwa maradhi yake na dawa anazopewa. Ana haki ya kutofungwa kamba wala kulazwa kwa dawa za usingizi kwa sababu tu ya kumpunguzia mtumishi kazi. Ana haki ya kusitiriwa anapooshwa, kufanya ibada yake na kupokea wageni. Fedha zake ni zake, ikiwemo Pensheni Jamii iliyoanzishwa mwaka 2016 kwa waliotimiza miaka 70. Anayemshika mzee kidole akakitia wino, kisha fedha asimkabidhi, ni mwizi.

Uzito wa jambo hili umo katika kunyamaza. Mzee anayelishwa na mkono ule ule unaompiga atausemea kwa nani, na kesho ataamkia kwake? Kwa hiyo haifai kungojea mpaka mzee mwenyewe aseme. Anayemzuru atazame: je, amekonda ghafla? Midomo imekauka? Ana alama mikononi zisizo na maelezo? Anatetemeka mtu fulani aingiapo? Na amuulize faraghani, mtumishi akiwa hayupo.

Mwenye kuona dalili hizo aandike tarehe na alichokiona, kisha amweleze mkuu wa nyumba. Ikiwa mkuu ndiye anayelalamikiwa, lalamiko lisipitie kwake. Lipelekwe idara inayoshughulikia ustawi wa jamii na wazee, au kwa sheha. Palipo na jeraha au wizi, taarifa ifikishwe kituo cha Polisi bila ya kuchelewa. Ipo pia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, na asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria Namba 13 ya mwaka 2018.

Watumishi nao wana lao la kusikilizwa. Mtu mmoja akiachiwa wazee wengi usiku kucha, hapana budi mkuu wake aliandike jambo hilo na kulifikisha juu. Uchache wa watumishi unaeleza uchovu, hauhalalishi ukatili. Na mtumishi anayetoa taarifa ya uovu alioushuhudia hakumsaliti mwenzake. Ametekeleza kazi aliyoajiriwa.

Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Al-Israa, amekataza hata mguno mbele ya wazazi waliofikia uzee. Mzee asiye na mtoto wa kumzaa amekabidhiwa kwa jamii nzima, na atakayeulizwa habari zake ni kila aliyepita karibu naye akaona.